Dawa ya Usonji: Kwanza Uliza ni Dawa ya Nini

Mwanangu, ambaye ana usonji, alipofikisha miaka minne, juu ya kabati letu hapa Manyatta, Kisumu, palikuwa na chupa ya mafuta ya maombi, majani makavu niliyoletewa kutoka Siaya, kopo la vitamini lililomeza karibu nusu ya mshahara wangu, na dawa ya mafua ambayo jirani alinishauri nimpe jioni ili alale. Kila kimoja kililetwa na mtu aliyetutakia mema. Kila kimoja kiliitwa dawa. Hakuna aliyeniambia ni dawa ya nini.

Sasa ana miaka tisa, na nikikumbuka kabati lile naona kwamba fumbo lote lilijificha ndani ya neno hilo moja. Mzazi anapouliza "usonji unatibiwa vipi?" huwa ameuliza maswali matatu kwa pumzi moja. La kwanza: mtoto huyu atafundishwaje kuwasiliana, kula, kuvaa, kwenda choo na kucheza na wenzake? La pili: anapolemewa, anapogonga kichwa ukutani sasa hivi, nimtulize vipi? La tatu: haya mengine yanayomsumbua, kifafa, kukosa usingizi, kufunga choo, yatatibiwa na nani? Kila swali lina majibu yake na wataalamu wake. Anayekuuzia kitu kimoja cha kujibu yote matatu, mwogope.

Usonji si kitu kilichoingia mwilini kikawa kinangoja kutolewa. Ni namna ubongo unavyojijenga tangu mtoto akiwa tumboni, na jeni zina mchango mkubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 alikuwa na usonji. Yaani, kwa wastani, mmoja katika abiria wa matatu tisa za viti 14. Mama hakuuleta. Miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wa Ulaya na Marekani waliwalaumu akina mama kwamba mapenzi yao kwa watoto yalikuwa baridi, na walikosea. Kwetu Nyanza lawama huja kwa jina la chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, kisha huanza kuulizwa ni nani katika ukoo aliyevunja mwiko. Chanjo nazo zilisingiziwa mwaka 1998, Andrew Wakefield alipochapisha katika jarida la Lancet makala kuhusu watoto 12. Mwaka 2010 jarida hilo liliifuta makala, na yeye akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Nayataja haya kwa sababu mzazi anayejilaumu hununua chochote anachoonyeshwa.

Kabla ya tiba yoyote, mtoto apimwe masikio. Asiyegeuka akiitwa jina lake huenda ana usonji, huenda hasikii vizuri, huenda ana yote mawili, na tofauti hiyo haionekani kwa macho. Na mtoto asiyesema hana njia ya kukwambia "naumwa hapa". Kuna wakati mwanangu alijiuma mkono wiki tatu mfululizo mpaka ngozi ikachubuka. Kliniki tuliyokwenda ilituambia kwamba watoto hawa ndivyo walivyo. Kumbe ni jino lililooza. Lilipong'olewa, kujiuma kulikoma ndani ya siku mbili. Tangu hapo, tabia yake ikibadilika ghafla naanza na mwili: masikio, meno, tumbo, choo, malaria.

Anapolemewa

Jumapili soko la Kibuye hufurika. Wauza mitumba wanaita wateja kwa vipaza sauti, pikipiki zinapenya katikati ya watu, omena inanukia, mwanga wa jua unapiga mabati na kurudi machoni. Mimi na wewe tunavichuja vitu hivyo bila kujua tunachuja. Kwa watoto wengi wenye usonji chujio hilo hufanya kazi kwa namna nyingine: kila sauti inaingia na uzito uleule, lebo ya shati inachoma shingo, bega la mpita njia linagusa kama kofi. Siku moja mwanangu aliufikia ukomo wake pale katikati ya njia. Alijitupa chini akapiga yowe. Mama mmoja akasema nimemdekeza. Mwingine akasema, "Mchape kidogo, atasikia."

Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa nje tu. Deko lina shabaha. Mtoto anataka peremende, analia huku akikuchungulia kama unamwona, na akiipata ananyamaza. Mlipuko hauna shabaha. Hata ukimpa peremende, ukamwonyesha simu, ukamwahidi dunia, hauishi, kwa sababu hakuna anachodai. Ubongo umefurika. Wakati huo hasikii maelezo wala vitisho, na baadaye huenda asikumbuke ulichomwambia. Kiboko kinaongeza maumivu kwenye mwili ambao tayari umeshindwa kuyabeba yaliyopo.

Kanuni ninayoifuata ni kupunguza. Punguza sauti, punguza mwanga, punguza watu, na zaidi ya vyote punguza maneno yako mwenyewe, maana hofu hutufanya tuseme sana. Ukiweza kuwaondoa watazamaji badala ya kumburuta mtoto, fanya hivyo. Mimi huchutama kando yake, si mbele yake, nikasema "niko hapa" mara moja, kisha nanyamaza. Kama anagonga kichwa, naweka mkono wangu au leso iliyokunjwa kati ya kichwa na sakafu. Simfungi kamba. Simlazi kifudifudi na kumkandamiza. Kumbana mtoto namna hiyo kunaweza kumzuia asipumue. Huchukua dakika tano, wakati mwingine nusu saa. Ikiisha, huwa amechoka kama aliyelima shamba. Maji, kivuli, na bila maswali.

Kazi kubwa, hata hivyo, hufanyika siku ambayo hakuna mlipuko. Chukua daftari, kwa wiki mbili andika: saa ngapi, wapi, nini kilitangulia, nini kilifuata. Letu lilituonyesha kwamba milipuko mingi ilitokea baada ya saa kumi jioni. Mwezi mzima tulidhani ni njaa. Ilikuwa mashine ya kusaga unga ya nyumba ya pili, ambayo huwashwa saa hiyo watu wakitoka kazini, na mngurumo wake mimi nilishauzoea hata siusikii. Sasa saa kumi anaenda kwa nyanya yake. Hatukununua kitu.

Vifaa vya kutuliza vipo, na si lazima vitoke ng'ambo. Vifunika masikio vizito wanavyovaa mafundi wa jua kali huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na vyetu vimevuka Kondele mara nyingi salama salimini. Bembea ya kamba imara chini ya mwembe huwasaidia wengi, kwa maana mwendo unaojirudia hutuliza mwili. Beseni la maji, mchanga wa kuchezea, na kwa mtoto mkubwa anayetafuna vizuri, kipande cha muwa uliomenywa, ukiwa umekaa naye. Wako watoto wanaotulia wakibanwa mwili kwa nguvu ya wastani. Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani aliye na usonji, aligundua hilo akiwa kijana kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona: aliona ng'ombe wakitulia ndani ya kizimba cha kuwabania wakati wa chanjo, akajitengenezea mashine ya kujibana mwenyewe. Tunamviringisha mwanangu kwa leso mbili, kichwa nje, na yeye ndiye anayeamua lini atoke. Asiyependa kubanwa asibanwe.

Blanketi zito, ambalo sasa linatangazwa kila mahali kwa bei ya kutisha, lilichunguzwa na watafiti wa Uingereza, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2014. Halikuwaongezea watoto usingizi kuliko blanketi la kawaida. Ila watoto na wazazi walilipenda zaidi. Kwa hiyo kama linampa raha, vyema, lakini usiuze mbuzi kulinunua, na usimfunike mtoto asiyeweza kulitupa mwenyewe.

Na kupunga mikono, kuruka, kuzungusha kifuniko cha sufuria? Mwache. Hiyo ndiyo njia yake ya kujituliza. Izuie pale tu inapomuumiza.

Kufundisha

Hili ndilo jibu la swali la kwanza, na ndilo lenye ushahidi mwingi kuliko mengine yote. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas wa California alitangaza kwamba watoto 19 wadogo waliofundishwa ana kwa ana kama saa 40 kwa wiki walipiga hatua kubwa, na 9 kati yao wakaingia darasa la kawaida. Habari hiyo ilibadilisha mengi. Lakini watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na mbinu zake zilihusisha ukali, hata makofi. Watu wazima wenye usonji waliolelewa kwa mafunzo ya aina hiyo wamesema wazi kwamba walichofundishwa ni kuficha walivyo. Nawaamini. Leo mafunzo mazuri hupitia mchezo na shughuli za kila siku, humfuata mtoto anapopenda, na hayamlazimishi kukutazama machoni ili aonekane wa kawaida.

Saa 40 kwa wiki ni nani wa mitaa ya kipato kidogo kama Nyalenda hapa Kisumu au Bondeni kule Nakuru anayeweza kuzilipia? Ndiyo sababu napenda mwelekeo wa Shirika la Afya Duniani, ambalo lilitengeneza mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: mikutano 9 ya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Yamejaribiwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Anayefundishwa ni mzazi, kwa kuwa ndiye aliye na mtoto asubuhi hadi usiku. Kiini chake si kigumu. Kaa chini usawa wa macho yake. Jiunge na anachofanya, hata kama ni kupanga vizibo vya soda. Sema maneno machache kuliko ulivyozoea. Ukiuliza, hesabu moyoni hadi tano au kumi kabla ya kurudia. Akifanya jambo dogo, onyesha furaha hapohapo.

Kwa mtoto asiyesema, picha ni sauti. Mfumo wa kubadilishana picha na kitu kinachotakwa ulibuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Sisi tulianza na mkasi: tulikata picha kwenye pakiti ya maziwa, pakiti ya unga na karatasi ya sabuni, tukabandika kwenye maboksi. Mtoto anakuletea picha ya maziwa, unampa maziwa, unasema "maziwa". Wazazi wengi huogopa kwamba picha zitamfanya asiongee kamwe. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Mtoto aliyepata njia ya kueleweka hapotezi usemi wake kwa sababu ya picha. Picha za mwanangu zilipunguza mayowe kuliko chochote kilichowahi kukaa juu ya kabati.

Hofu nyingine ya huku kwetu ni lugha. Nilishauriwa niache Dholuo nyumbani, nibaki na Kiingereza cha shule tu, nikatii kwa miezi minane, na kwa miezi hiyo nyanya yake hakuwa na la kumwambia mjukuu. Sitaki mzazi mwingine apitie hilo. Tafiti hazijaonyesha kwamba lugha mbili zinamdhuru mtoto mwenye usonji. Zungumza naye kwa lugha unayoweza kumbembelezea.

Wataalamu wa usemi ni wachache. Wa tiba ya shughuli, wale ambao hospitalini huitwa kwa herufi mbili tu, OT, hupatikana kwa urahisi zaidi. Ndio wanaofundisha kushika kijiko, kufunga vifungo, kuvumilia maji ya kuoshea nywele. Ukimpata mmoja, hata mara moja kwa mwezi, usikae nje kwenye benchi. Ingia ndani, tazama, uliza cha kufanya nyumbani.

Vidonge

Hakuna kidonge kinachoondoa usonji. Zipo dawa mbili zilizoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani kwa ajili ya hasira kali, kujiumiza na kushambulia wengine kwa watoto wenye usonji: risperidoni, mwaka 2006, kwa miaka 5 hadi 16, na aripiprazoli, mwaka 2009, kwa miaka 6 hadi 17. Zinaweza kusaidia, na sioni aibu yoyote kwa mzazi anayezitumia baada ya njia nyingine kushindwa na mtoto kuwa hatarini. Lakini zina gharama mwilini: njaa isiyoisha, uzito kupanda, usingizi wa mchana, sukari kuvurugika, wakati mwingine mwili kukakamaa au kutikisika. Daktari anayeziandika anapaswa kumpima uzito mara kwa mara na kukwambia ni dalili gani hasa mnataka ipungue na baada ya muda gani mtaamua kama inafaa. Usiziache ghafla.

Usingizi ni taabu ya nyumba nyingi. Anza na chumba: wapo watoto wasiovumilia chandarua kikiwagusa, basi kitundike juu zaidi, usikiondoe. Saa ileile, mpangilio uleule, bila simu. Disko matanga, ile ngoma ya usiku wa msiba, ikipigwa jirani, hamna la kufanya ila vifunika masikio. Ikishindikana, melatonini, homoni ya usingizi, ina ushahidi mzuri wa kumsaidia mtoto kupata usingizi haraka, kwa ushauri wa daktari. Ile dawa ya mafua ya kabati langu haina kazi hiyo. Watoto wengine ikiwaingia hawalali, huchachamaa.

Kifafa huambatana na usonji mara nyingi kuliko kwa watoto wengine, na dawa yake isikatizwe hata siku moja bila daktari. Ila fahamu kwamba fenobabitoni, inayotumika sana kwetu kwa kuwa ni nafuu, inaweza kumfanya mtoto ashindwe kutulia. Kama tabia iliharibika baada ya kuanza dawa hiyo, mwambie daktari, zipo nyingine.

Kwa nini ushuhuda hutudanganya

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilijaa habari za sekretini, homoni ya utumbo. Mtoto mmoja alidungwa wakati akichunguzwa tumbo, kisha ikasemekana ameanza kusema na kutazama watu. Wazazi waliitafuta kwa udi na uvumba. Mwaka 1999 watafiti wakachukua watoto 60, wengine wakadungwa sekretini, wengine maji ya chumvi, na wazazi hawakujua nani kapata nini. Makundi yote mawili yalionekana kupata nafuu, kwa kiwango kilekile. Wazazi walipoambiwa matokeo, wengi bado waliitaka.

Siwacheki. Mtoto mwenye usonji hukua, dawa au bila dawa. Tunatafuta tiba katika wiki mbaya kuliko zote, na baada ya wiki mbaya kwa kawaida huja ile iliyo afadhali. Tumaini nalo hutufanya tumtazame mtoto kwa makini, tuongee naye zaidi, tuone tusichokiona jana. Kwa hiyo jirani anayesema majani yalimsaidia mwanawe hasemi uongo. Ameona nafuu ya kweli, akaipa jina lisilo lake.

Vingine havidanganyi tu, vinaua. Mwaka 2005, huko Pennsylvania, mvulana wa miaka mitano alidungwa dawa ya kuondoa madini mazito mwilini kwa kisingizio cha kutibu usonji. Kalsiamu yake ikashuka, moyo ukasimama. Maji yanayouzwa kama "dawa ya madini ya miujiza" ni kemikali ya jamii ya zile za kung'arishia nguo; yanachoma utumbo. Sindano za seli shina hazijathibitishwa, hata zikiuzwa kwa mamilioni. Mlo usio na gluteni, ile protini ya ngano, wala maziwa, ushahidi wake ni dhaifu, na anayeishi kwa ugali wa mahindi, mtama na uji wa wimbi tayari hali gluteni nyingi. Kumnyima maziwa mtoto anayekubali vyakula vitano tu ni kumwibia protini. Maombi sitayagusa, mimi mwenyewe huomba. Lakini hayahitaji mtoto afungwe njaa, afungwe kamba, wala aachishwe dawa ya kifafa.

Kwa anayeanza leo, nenda na daftari lako katika hospitali kubwa iliyo karibu: ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo Kisumu nzima huiita Russia, ile ya Moi huko Eldoret, au ya Nakuru Level 5. Tathmini ya shule hufanywa kwenye vituo vya EARC, yaani vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum ya elimu, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984. Jiandikishe pia na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya tathmini ya hospitali.

Limebaki moja, nalo haliwezi kungoja foleni ya kliniki. Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani kimyakimya, na wengi huvutwa na maji. Sisi tuna ziwa, tuna mitaro inayofurika mvua ikinyesha Nyalenda, tuna visima visivyofunikwa na mashimo ya matofali yaliyojaa hadi ukingoni. Weka komeo juu kabisa ya mlango, mahali mtu mzima analifungua upesi moto ukitokea. Bodaboda wa kona yetu wote wana picha ya mwanangu kwenye simu zao na namba yangu, na wamemrudisha mara mbili. Mtoto akitoweka, kimbilia penye maji kwanza, kabla ya barabara. Na umfundishe kuogelea mapema kuliko unavyofikiri inafaa. Wangu alianza mwaka jana, akiwa na vifunika masikio shingoni hadi ukingoni mwa bwawa, na sasa anaelea chali peke yake nikihesabu hadi thelathini.